Neno "Hapana" katika Daftari la Maabara

Katika maneno yote ayaandikayo mpimaji wa maabara, hapana lililo jepesi kwa mkono na zito kwa matokeo kama neno "hapana". Herufi zake sita huandikwa kwa kufumba na kufumbua. Lakini likitoka katika daftari likaingia katika cheti cha mgonjwa huwa hukumu. Mganga huliamini, mgonjwa huenda nalo nyumbani, na ugonjwa, kama umo, hupata ruhusa ya kuendelea na kazi yake bila ya kusumbuliwa. Nimeliandika neno hilo mara nyingi katika miaka ya utumishi wangu, na aghalabu lilikuwa kweli. Insha hii ni juu ya siku moja ambayo halikuwa kweli, na juu ya mambo niliyojifunza baadaye kuhusu vipimo vya minyoo ya tumbo: jinsi vinavyokosea, na jinsi vinavyoweza kutengenezwa.

Watu wa pwani waliijua minyoo na kuipa majina kabla ya hadubini kufika. Mchango ni ule mrefu wa mviringo ambao mtoto huweza kuutapika mbele ya mama yake. Safura lilikuwa jina la ugonjwa wenyewe, yaani kupungukiwa damu, uso kufifia na miguu kuvimba. Siku hizi jina hilo hutumika pia kwa mnyoo mdogo unaouleta. Wa tatu ni mjeledi, mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili, kama kiboko na mpini wake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 wana minyoo ya namna hii inayoambukiza kwa njia ya udongo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawa wamevuka nguo na ngozi, wakajenga ndani.

Madhara ya safura huja polepole, na upole wake ndio hatari yake. Mnyoo mmoja wa aina iliyoenea zaidi hupoteza damu ya mtu kiasi cha mililita 0.03 kwa siku. Ni kidogo mno. Tone moja la maji lina zaidi ya hapo. Lakini minyoo 100 hupoteza mililita 3 kwa siku, na kwa mwezi mililita 90. Mtu mzima ashibaye vizuri huweza kuvumilia. Mtoto alaye muhogo na chai ya rangi ni kama mtungi wenye ufa: hujazwa kila siku, na kila siku hupungua.

Mwaka 1998 nilikuwa kijana mwenye cheti kipya, nikifanya kazi katika hospitali moja ya wilaya ya mwambao. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mashariki, meza ya saruji, hadubini mbili na kabati la dawa za kupimia. Majuma machache kabla ya siku ninayoisimulia tulikuwa tumeletewa vifaa vya kipimo kiitwacho Kato-Katz kwa ajili ya uchunguzi wa watoto wa shule. Mpaka hapo tulipima choo kwa njia ya zamani: chembe ya choo katika tone la maji ya chumvi, kifuniko cha kioo juu yake, na jicho kwa dakika chache. Vifaa vipya vilinipendeza mno. Upya wa chombo humlevya fundi mchanga kuliko ufundi wenyewe. Nikaanza kukitumia kipimo kile kwa wagonjwa wote, si kwa kuwa mgonjwa alikihitaji, ila kwa kuwa mimi nilikipenda.

Asubuhi moja alikuja mama, mke wa mvuvi, amemshika mkono binti yake wa miaka saba. Mtoto alikuwa amefifia uso na viganja, nyayo zake zimevimba, na mama alisema kwamba hubandua udongo wa ukuta akaula. Nilipokea kopo la choo chake, nikatengeneza kioo saa tatu asubuhi, nikakipanga katika sinia pamoja na vioo vya shule, ambavyo siku hiyo vilizidi sitini. Nilivisoma kwa zamu. Zamu ya kioo cha mtoto yule ilifika saa tisa alasiri. Nilikipitia chote, pembe hata pembe, nisiache hata mstari. Sikuona kitu. Nikaandika katika daftari: mchango, hapana, mjeledi, hapana, safura, hapana.

Nilikipitia kwa uaminifu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Lau ningalikuwa mvivu, ningalijilaumu kwa uvivu, nikatubu, na kisa kikaisha. Lakini sikuwa mvivu siku ile. Nilitazama kwa bidii mahali ambapo kilichokuwapo asubuhi kilikuwa kimekwisha kuyeyuka.

Mganga alikiamini cheti changu. Alimpa mtoto vidonge vya madini ya chuma, akamwambia mama ampikie mchicha na dagaa. Baada ya majuma sita walirudi, mtoto kabebwa mgongoni kwa kuwa hakuweza tena kutembea. Damu yake ilipimwa ikaonekana gramu 4 kwa desilita, ilhali kwa mtoto wa umri wake haifai ipungue gramu 11.5. Mjomba wake alijitolea damu, akaongezwa usiku ule ule.

Kulipokucha, mzee wa maabara yetu, aliyeianza kazi hiyo kabla sijazaliwa, alipokea choo kipya cha mtoto. Alikipima kwa tone la maji ya chumvi, papo hapo, kingali na joto. Kisha akaniita.

"Bwana mdogo, njoo utazame."

Nikainama. Mayai ya safura yalitapakaa kila mahali nilipopeleka jicho: mviringo wake mrefu, ganda lake jembamba kama utando wa povu la sabuni, na ndani yake chembe zilizogawanyika nne au nane. Mzee alifungua daftari la majuma sita yaliyopita, akaweka kidole juu ya maandiko yangu.

"Kioo hiki ulikitengeneza saa ngapi?"

"Saa tatu, mzee."

"Ukakisoma saa ngapi?"

Nikanyamaza, maana jawabu lilikuwa limekwisha kuonekana.

Hakunikemea. Wala hakulifuta neno langu. Alichukua kalamu akaandika ubavuni mwake, kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani: "Kilisomwa baada ya saa sita." Nikaenda wodini. Mama alikuwa ameketi sakafuni karibu na kitanda cha mwanawe.

"Mwanangu," aliniuliza, "si ulisema hapana?"

"Mama, sikuona. Nilikosa kusema kwamba sikuona."

Alinitazama kwa muda. "Basi siku nyingine useme hivyo."

Mtoto alipewa dawa ya minyoo, akapona polepole. Mwaka wake wa shule ulimpita. Jawabu la mama yake nimeishi nalo tangu siku ile, na kila nilichosoma baadaye juu ya kazi hii kimekuwa kama maelezo yake.

Kwanza nilitaka kujua kosa lilikuwa wapi. Katika kipimo cha Kato-Katz, choo husukumwa katika chujio chembamba ili makapi makubwa yabaki, kisha hushindiliwa katika tundu la kibati lenye nafasi ya miligramu 41.7. Kibati kikiondolewa, rundo dogo linalobaki juu ya kioo hufunikwa kwa kipande cha selofani kilicholowekwa katika glisirini na rangi, kisha hukandamizwa mpaka litandazike. Glisirini huyang'arisha makapi yakawa kama maji, na mayai huonekana katikati yake kama mawe katika kijito. Mpimaji huyahesabu yote, huzidisha hesabu kwa 24, akapata idadi ya mayai katika gramu moja ya choo. Ni kipimo rahisi, kisichohitaji umeme, na kinaweza kufanywa chini ya mwembe.

Lakini fadhila ya glisirini ndiyo pia hila yake. Ikiisha kuyang'arisha makapi haikomi. Mchango na mjeledi wana mayai yenye maganda magumu, yanayoweza kungoja. Yai la safura lina ganda jembamba, na glisirini hulipenya likang'aa kama makapi, mpaka jicho lisiweze tena kulitenga. Kwa hiyo safura sharti isomwe ndani ya dakika 30 hadi 60. Kioo kimoja kina saa mbili tofauti, na mimi niliijua moja tu. Kwa kadiri ya Shirika la Afya Duniani, safura ni nzito mayai yakifika 4,000 katika gramu moja, yaani mayai 167 hivi katika kioo kimoja. Basi kioo chenye mayai mengi kama hayo huweza kuwa kitupu kabla ya chakula cha mchana, bila ya mtu yeyote kukigusa.

Pili nilijifunza kwamba hata kioo kilichosomwa kwa wakati wake huweza kusema uwongo, tena bila ya kosa la mtu. Tuseme mtoto ana mayai 24 katika kila gramu ya choo. Katika miligramu 41.7 tunatazamia yai moja. Lakini kutazamia si kupata. Hata kama mayai yametawanyika kwa nasibu tupu, kioo chake kitatoka bila ya yai mara 37 hivi katika kila 100. Vioo viwili vyote vitatoka vitupu mara 13 au 14, na vitatu mara 5. Nayo mayai hayana utii huo. Hukaa makundi makundi, na minyoo haitagi sawasawa siku zote. Minyoo michanga haijaanza kutaga, na michango ya kiume peke yake haitagi kamwe. Mtu aliye na minyoo michache huweza kupimwa leo akaambiwa hapana, kesho akaambiwa ipo, na wapimaji wote wawili wakawa wamefanya kazi yao vema.

Kwa sababu hii nimeona kwamba kuna jambo la kushangaza katika vita na minyoo: kadiri ushindi unavyokaribia, ndivyo adui anavyozidi kuwa mgumu kuonekana. Mtoto mwenye mayai maelfu hata mpimaji mzembe humwona. Dawa zikiisha kugawiwa shuleni mwaka hata mwaka, wanaobaki ni wenye mayai machache, na hao ndio ambao kipimo chetu huwakosa. Serikali nyingi zinatamani kufikia mwaka 2030 zikiwa na chini ya 2 katika kila 100 ya watoto wenye minyoo ya kiasi cha kati au kizito. Atakayeamua kwamba dawa zipunguzwe ataamua kwa vioo. Kama vioo haviaminiki, uamuzi utakuwa kama wa nahodha aliyetweka tanga kwa kusikia tu kwamba mwamba umepitwa.

Kipimo hiki hakikushuka kutoka mbinguni. Kilitengenezwa na watu waliokuwa na shida kama yetu. Wajapani walitoka katika Vita vya Pili vya Dunia wakiwa na minyoo mingi, nao wakajipima kwa wingi, watoto wakipeleka choo shuleni kama wapelekavyo madaftari. Katika hali hiyo Kato na Miura waliandika mwaka 1954 juu ya kufunika choo kinene kwa selofani badala ya kioo. Mwaka 1972 Katz na wenzake wa Brazili waliongeza kibati chenye tundu la kipimo maalumu, ili kuona kukawa pia kuhesabu. Mmoja aliongeza nuru, mwingine akaongeza mizani. Najifunza hapo kwamba kutengeneza kipimo si lazima kuwe kuvumbua mashine kubwa. Mara nyingine ni kipande cha selofani na kibati chenye tundu.

Wengine wameendelea na kazi hiyo. Huko Napoli, Italia, Cringoli alitengeneza chombo kiitwacho FLOTAC, na mdogo wake Mini-FLOTAC usiohitaji mashine ya kuzungusha. Choo huchanganywa na maji mazito ya chumvi. Makapi huzama, mayai huelea, na mpimaji husoma juu yaliko mayai peke yake. Kwa kipimo cha kawaida cha Mini-FLOTAC kila yai lionekanalo husimama badala ya 10, si 24, maana choo kinachotazamwa ni kingi zaidi. Walakini chumvi iliyo nzito vya kutosha kwa yai hili huweza kuliharibu lile. Hapana maji mamoja yanayozifaa aina zote.

Kuna vipimo vya vinasaba, ambavyo huitambua minyoo hata isipoonekana yai. Vina uwezo mkubwa wa kugundua minyoo michache, lakini vinataka umeme, mashine, dawa za kupimia za bei kubwa na mafunzo marefu. Nyumbani kwake ni maabara kubwa na utafiti, si zahanati ya kijiji. Kuna pia jitihada za kukipiga picha kioo na kuiachia kompyuta itafute mayai. Zimejaribiwa Kwale, katika mwambao wa Kenya, na zinatia matumaini, hasa kwa kuwa jicho la mashine halichoki kioo kinapokuwa cha sitini. Hata hivyo mashine haitaona yai lililokwisha kuyeyuka kabla ya picha kupigwa. Saa ya ukutani ingali bwana wa sisi sote.

Yupo mnyoo mwingine ambao Kato-Katz haumfai kabisa, naye ni strongiloide. Mayai yake huanguliwa ndani ya mtu, na kinachotoka katika choo ni vifunza vidogo. Njia ya kuwapata ni ya Baermann: choo huwekwa juu ya shashi katika faneli yenye maji ya vuguvugu, nao huogelea na kuzama chini, wakakusanywa. Ni kazi ya uvumilivu, lakini ina thamani ya uhai. Mtu huweza kukaa na mnyoo huyu miaka mingi bila ya kuugua sana. Siku apewapo dawa za kupunguza kinga ya mwili, kama zile za jamii ya steroidi, mnyoo huweza kuzaliana ovyo na kumwua. Dozi moja ya albendazoli igawiwayo shuleni haimtoshi, hutakiwa ivermektini. Hapa neno "hapana" lililoandikwa kwa kipimo kisichofaa si kosa la hesabu tu.

Najua mtu mwenye busara ataniuliza: kama vidonge vya minyoo ni rahisi na salama, kwa nini tusiwape watoto wote tukaachana na vioo? Swali hili ni zuri, na nusu ya jawabu ni kwamba ndivyo inavyopasa kufanywa. Penye minyoo mingi, kupima kila mtoto kabla ya kumpa kidonge ni kupoteza fedha na wakati. Lakini dawa isiyopimwa kazi yake ni imani tupu. Kujua kama kidonge kinafanya kazi, mayai huhesabiwa kabla ya dawa na tena siku 14 hadi 21 baada yake. Kwa hesabu kama hizo ilijulikana kwamba dozi moja ya albendazoli humwondoa mchango vizuri lakini mjeledi huicheka. Majaribio yaliyofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba albendazoli ikiandamana na oksanteli humshinda mjeledi kwa nguvu zaidi. Nyuma ya habari njema hiyo walikuwapo watu walioinama juu ya vioo, siku baada ya siku, wakihesabu. Hali kadhalika yupo mgonjwa mmoja mmoja, ajaye peke yake na mama yake, ambaye hakuugua siku ya kugawa dawa. Huyo hana pa kukimbilia ila jicho letu.

Basi kitengenezwe nini? Nimeona kwamba mambo mengi yanayoboresha kipimo hayauzwi dukani. Choo kifike maabara upesi, na kama safari ni ndefu kikae katika chombo chenye baridi, kwa maana joto hupunguza mayai ya safura yanayohesabika. Saa ya kutengeneza kioo iandikwe juu ya kioo chenyewe, si katika kumbukumbu ya mpimaji. Vioo vitengenezwe vichache vichache, visomwe, ndipo vingine vitengenezwe. Kila choo kipewe vioo viwili, na ikiwezekana choo cha siku mbili. Sehemu ya vioo isomwe tena na mtu wa pili asiyejua wa kwanza aliandika nini. Si kwa kumtuhumu, bali kwa kumlinda. Mgonjwa mwenye dalili asipimwe kwa njia moja tu. Na mganga anapoona uso uliofifia na cheti kisemacho "hapana", asiuache uso akakifuata cheti; arudi kutuuliza.

Zaidi ya hayo, neno lenyewe libadilishwe. "Hapana mayai" ni habari ya tumbo la mgonjwa, ambamo hatukuingia. "Mayai hayakuonekana katika vioo viwili, vilivyosomwa baada ya dakika 40" ni habari ya kazi yetu, ambayo tunaweza kuiapia. Ya kwanza hufunga mlango; ya pili huuacha wazi kidogo, na katika upenyo huo mgonjwa huweza kurudi. Wako watakaosema kwamba maneno hayo ni marefu mno kwa safu ya daftari. Nami nasema safu ipanuliwe.

Vijana wanaojifunza kazi hii huniuliza kwa nini naandika saa juu ya kila kioo, hata vinapokuwa viwili tu na saa iko ukutani mbele yangu. Huwaeleza habari ya glisirini na ganda jembamba, nao huelewa upesi kwa kuwa wana akili. Habari ya mama aliyeketi sakafuni huwaeleza baadaye, wanapokuwa wamekwisha kuanza kujiamini. Mtu hukosa kwa kutojua, na hukosa zaidi kwa kudhani amejua. Mungu akituweka, tutaendelea kupata vipimo vyenye macho makali kuliko vya leo, nami navitamani. Lakini hata siku hiyo itampasa mpimaji aseme alichokiona, alivyokiona na saa aliyokiona, asiongeze hapo neno lisilo lake.